Kitanda Namba Kumi na Nne

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Kaari vilikuwa vimeshikana tangu moto ule wa bweni, kwa hiyo chai aliichuma kwa mkono wa kushoto. Majani mawili na kichipukizi, anatupa mgongoni. Majani mawili na kichipukizi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kujifunza. Ukungu ulipoondoka juu ya msitu wa Kibugu, wanawake wa mistari ya jirani walikuwa wameshajaza vikapu mara mbili, na chake kilikuwa bado kinaonyesha kitako.

"Kaari!" Baba yake, Njura, alimwita kutoka ukingoni mwa shamba. Alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya suruali ya kuchumia chai. "Toka huko unawe miguu. Madam amefika."

Madam Phyllis wa ofisi ya elimu alikuwa amewekewa kiti uani. Jikoni hakungefaa. Kulikuwa na moto, na mahali penye moto Kaari alikuwa hajaingia mwaka mzima. Hata chakula chake alipewa kupitia mlangoni, kama mgeni aliyekataa kukaribishwa. Juu ya magoti ya Madam kulikuwa na kitabu kipya, chembamba, chenye harufu ya wino. Wasichana wenye mabawa meupe waliruka juu ya Mlima Kenya, wote wakicheka. Malaika Kumi na Tisa: Hadithi kwa Shule za Msingi. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa: Imetokana na insha ya Kaari Ireri, manusura.

"Ni wewe huyu umeandika kitabu," Madam alisema. "Kitasomwa kutoka hapa mpaka Turkana. Unajua wewe ni mtu mkubwa sasa?"

Kaari alikipokea. Alifunua kurasa kwa kidole gumba cha kushoto, akapita picha ya wasichana wakiomba kabla ya kulala, kila mmoja na kitanda chake, kila kitanda na blanketi la rangi yake. Akafika kwenye dirisha. Malaika mwenye mabawa meupe akamwinua Kaari kwa upole, akamtoa dirishani, akamlaza kwenye nyasi.

"Madam, hakuwa malaika."

"Ati nini?"

"Alikuwa Kaari. Kaari wa baba mdogo. Alinisukuma matako kwa kichwa. Akaniambia, toka ng'ombe wewe, umejaza dirisha."

Madam Phyllis alicheka, akaziba mdomo, akamtazama Njura. "Sasa mzee, tutaandika matako kwa kitabu ya watoto?"

"Basi toeni matako," Kaari alisema. "Muandike jina."

Njura alikohoa. Alikohoa tena, ingawa kifua chake hakikuwa na neno.

"Na hapa mmeandika kumi na tisa. Mimi niliandika ishirini."

Kicheko cha Madam kilikwisha. "Sikiza mtoto. Serikali ilitangaza kumi na tisa. Bendera ilishushwa siku tatu, nchi nzima, kwa ajili ya kumi na tisa. Majeneza yalikuwa kumi na tisa, watu wakayahesabu kwa televisheni. Jiwe limechongwa. Wewe ni nani uongeze?"

"Madam," Njura alisema, akitazama viatu vya Madam, "huyo mtoto wa ndugu yangu kweli..."

"Mzee Njura, tulimaliza hii maneno. Rejista inasema kitanda namba kumi na nne ni Kaari Ireri. Kaari Ireri ni huyu hapa, anapumua. Unataka nimzike?"

Njura hakutaka.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Ireri, ambaye sasa ni marehemu, aliacha mjane na wana wawili, Njura na Nyamu. Mjane aliitwa Kaari. Kila mwana alipopata binti, alimpa jina la mama yake, kama inavyopasa. Asiyefanya hivyo amemnyima mama yake mtu wa kumrudisha duniani. Kwa hiyo nyumba mbili zilizotenganishwa na mgomba mmoja zilikuwa na Kaari wawili waliopishana miezi minne, Kaari wa Njura na Kaari wa Nyamu, na juu yao Kaari mwenyewe, nyanya yao, waliyemwita cucu. Njura na Nyamu hawakuwaita wasichana hao kwa majina. Waliwaita "mama." Nyamu akirudi kutoka kituo cha chai alikuwa akipiga kelele njiani, "Mama! Mama, umenipikia nini leo?" na watoto wawili wa miaka sita walitoka mbio, kila mmoja akidai kwamba ndiye mama yake.

Walipofika umri wa bweni walipelekwa pamoja Akademia ya Mlima Fadhili. Mwenye shule, Hezekiah Mbaka, mzee wa kanisa ambaye kila mtu alimwita Dairekta, alikuwa na kibali cha vitanda arobaini na watoto karibu themanini. Siku ya kuwaandikisha alisoma vyeti vya kuzaliwa, akavua miwani, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Kaari na Kaari! Mungu amenikumbuka. Kitanda kimoja, jina moja, rejista safi. Wengine hapa inabidi niwafundishe kuitikia majina ya wenzao."

Akapunguza karo kidogo, kwa kuwa watalala pamoja, na ndugu wale wawili walirudi nyumbani wakijiona wamebahatika. Risiti mbili zilikuwa na jina moja, Kaari Ireri. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ni jina la mama yao.

Wakaguzi wakija, matroni aliita majina kitanda kwa kitanda. Mmoja aliitika, mwingine alikuwa amekwisha kupelekwa nyuma, kwenye mistari ya chai ya shule, kuchuchumaa mpaka gari liondoke. Kaari wawili walipeana zamu. Muhula huu wewe ndiye Kaari, muhula ujao mimi. Walilala kichwa kwa miguu, na kila asubuhi walilaumiana juu ya mateke.

Alfajiri ya moto ule mlango ulikuwa na kufuli upande wa nje, kama siku zote. Dirisha la kitanda namba kumi na nne lilikuwa na nondo moja iliyopinda. Mtoto mwembamba angeweza kupita hapo kama kuna wa kumsukuma. Wa pili hakuwa na wa kumsukuma.

Hayo Kaari aliyajua kwa mwili. Lakini kilichomwamsha usiku hakikuwa hayo. Kilikuwa uso wa baba mdogo.

Asubuhi ile Nyamu alisimama kwenye foleni ya hema la wazazi, miguu mitupu, saa nne nzima. Alipofika mezani kijana mmoja mwenye fulana ya msaada alimwuliza jina la mtoto. Kaari Ireri. Kijana alipitisha kalamu kwenye karatasi, uso ukachangamka. "Mzee! Huyo yuko hai! Yuko hospitali. Mshukuru Mungu!" Watu wa foleni walimkumbatia. Mwanamke ambaye wake hakupatikana alimbusu mikono. Nyamu alikimbia njia yote kuteremka, akaomba pikipiki, akaingia wodini akiita, "Mama! Mama yangu!" Kaari alikuwa amefunikwa chandarua. Alimsikia tangu mlangoni. Alifurahi. Alijaribu kuitika.

Nyamu alifunua chandarua.

Alitazama. Kisha alikirudisha kile chandarua polepole, akakunja pindo lake vizuri chini ya godoro, akatoka. Tangu siku hiyo hakumwita tena mama. Alimwita "wewe."

Na aliporudi kwenye hema, jina lilikuwa limekwisha kukatwa kwenye orodha ya wasiopatikana. Akataka atolewe damu ilinganishwe na mabaki. Damu ni ya wazazi walio kwenye orodha, aliambiwa. Alileta cheti cha kuzaliwa. Karani alikisoma pande zote mbili. "Hii inaonyesha alizaliwa, mzee. Haionyeshi alikufa." Dairekta aliapa mbele ya tume, mkono juu ya Biblia, kwamba mtoto huyo alihama shule muhula uliotangulia. Mabaki yasiyo na mwenyewe yalizikwa kwenye sanduku moja chini ya zege, pale jiwe lilipokuja kusimama. Matroni alifungwa. Dairekta alishukuriwa kwa kutoa kiwanja.

"Sasa," Madam Phyllis alisema, akitoa karatasi kwenye mkoba, "kesho ni kumbukumbu. Mgeni rasmi anatoka Nairobi. Kaari atasoma kitabu, kurasa tatu tu, vile imeandikwa. Hii ni fomu ya upasuaji wa mkono, Nairobi, kila kitu kimelipwa. Vidole vitaachanishwa. Na hii ni basari mpaka amalize sekondari. Nikitoka hapo kesho natia sahihi zote mbili. Si tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madam," Njura alisema.

"Nimemwuliza mtoto."

Kaari alitazama mkono wake. Daktari alisema ukiachwa mwaka mwingine utajikunja kama ukucha wa kuku, na hapo hata mungu wa madaktari hataunyosha.

"Ndiyo, Madam."

Saa kumi jioni Nyamu alipita mgombani. Hakuingia uani. Cucu alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Tangu mazishi alikuwa amekataza mtu yeyote kumwita kwa jina lake. Mkiniita, alisema, nasikia mnaita wengi.

"Wewe," Nyamu alisema. "Kesho watakupa maikrofoni?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mtaje. Mara moja. Sitaki kitu kingine kutoka kwao, hata jiwe wasichonge. Mtu mmoja tu amtaje mbele za watu, nisikie."

Njura alitoka ndani akiwa na sabuni masikioni. "Nyamu, usiniharibie mtoto. Huo mkono ukipona atashika kalamu."

"Wako ana mkono wa kutengenezwa," Nyamu alisema bila kupandisha sauti. "Wangu walisema hakuwako, yeye na mkono wake."

"Kwani ni mimi nilisema?"

"Ulisema nini wewe? Ulipoulizwa na tume, ndugu yangu, ulisema nini?"

Njura alipangusa sabuni. Hakuna aliyengoja jibu, kwa sababu wote walikuwapo alipokaa kimya. Cucu aliendelea kuchambua, mazuri huku, yaliyotobolewa kule.

Siku iliyofuata kulikuwa na mahema ya rangi ya maziwa, na wazazi wa watoto kumi na tisa walifungwa utepe wa manjano mkononi ili waketi mbele. Askari wa lango alitazama mkono mtupu wa Nyamu. "Huna utepe, mzee. Ni wafiwa peke yao." Nyamu alizunguka ua wa kaiyaba mpaka akapata mahali penye uwazi, akasimama hapo kati ya miiba, cheti kikiwa ndani ya karatasi ya plastiki, akikishika kifuani kwa mikono miwili.

Kaari alimwona kutoka jukwaani. Jiwe jeusi lilikuwa upande wa kushoto, majina yakimeta. Upande wa kulia bweni jipya, rangi bado mbichi, utepe ukisubiri mkasi. Dairekta Mbaka aliketi karibu na mgeni rasmi, akimkatia keki. Watoto wa shule walikaa chini kwa mistari, masweta mekundu.

Mchungaji Kathuri, aliyekuwa akiendesha sherehe, alimshushia maikrofoni. "Watoto wangu, mnamjua huyu? Huyu ndiye Mungu alimchomoa kama kijinga motoni! Soma, mrembo."

Alisoma. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye spika ikiwa kubwa kuliko yeye. Alisoma maombi ya kulala, akasoma blanketi za rangi mbalimbali, akasoma moshi, ambao kitabu kiliuita wingu jeusi lenye hasira. Mgeni rasmi alifuta macho kwa leso. Madam Phyllis, aliyekuwa chini ya jukwaa na mkoba wake, alikuwa akimfuatisha kwa midomo, neno kwa neno.

"Malaika mwenye mabawa meupe..."

Akaacha kusoma.

Kidole gumba kilikuwa kimebana ukurasa. Vile viwili vilivyoshikana vilikuwa juu ya picha ya malaika, vikimfunika uso.

"Hakukuwa na malaika," Kaari alisema. "Kulikuwa na Kaari Nyamu Ireri. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, namba kumi na nne, na wengine walilala wawili wawili pia. Mlango ulikuwa na kufuli nje. Yeye ndiye alinisukuma. Wao ni ishirini."

Mahali fulani mtoto mchanga alikuwa akinyonya kwa sauti. Kaari alitazama ua wa kaiyaba. Nyamu alikuwa ameinua cheti juu ya miiba, juu kabisa, kama mtu anayevuka mto na kitu kisichotakiwa kulowa.

Mchungaji Kathuri alimpokonya maikrofoni taratibu, akamwekea mkono begani, mkono wa baba.

"Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" mahema yaliitika, kwa sababu ndivyo inavyoitikiwa.

"Na kila wakati?"

"Mungu ni mwema!"

"Mtoto huyu ameona makubwa. Mkiona kichwa kimechanganyikiwa kidogo, msishangae, bado yuko kwa maombi. Lakini mnamwona? Si Kaari ndiye huyu, mzima? Si anasimama? Basi tumpigie Bwana makofi kwa ajili ya Kaari!"

Wakapiga. Wageni walipiga, wenye utepe walipiga, watoto wa masweta mekundu walipiga kwa mpigo mmoja, vile walivyofundishwa. Makofi yalikuwa mengi hata kunguru wakaruka kutoka kwenye paa la bweni. Kaari alimtafuta baba yake. Njura alikuwa amesimama kwenye safu ya pili, koti la kanisani limebana kwapa, anapiga makofi juu ya kichwa, macho yametazama chini. Wengine walipoacha, yeye aliendelea kidogo.

Alipotazama tena kwenye ua wa kaiyaba, cheti hakikuwako. Askari wawili walikuwa wakitembea upande wa nje wa miiba, bila haraka.

Madam Phyllis alimshika kiwiko, akampeleka nyuma ya hema la chakula. Hakumpigia kelele. Alitoa fomu zile mbili kwenye mkoba, akazikunja mara mbili, akazikunja tena zikawa ndogo kama kipande cha sabuni ya wageni, akazirudisha.

"Mimi nilikupenda sana, unajua? Nilikuwa nimekutafutia kitanda hospitalini." Alimfuta Kaari shavu kwa kidole. "Kwenda unawe uso pale kwa tangi. Mheshimiwa anakata utepe sasa hivi, ataangalia bweni, halafu anataka picha na wewe. Ucheke vizuri. Si ulizoea kusema ukweli? Basi cheka kwa ukweli."

Tangi lilikuwa nyuma ya bweni jipya. Kaari alipita mlangoni. Kufuli mpya ilikuwa ikining'inia kwenye kitasa, upande wa nje, karatasi ya dukani bado imebandikwa juu yake. Ndani watu walikuwa wakipiga makofi tena. Utepe ulikuwa umekatwa. Alifungua bomba, akanawa. Maji ya mlima yalimuuma kwenye makovu.

"Sss!"

Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mistari ya chai tu, mirefu, haijachumwa wiki nyingi, inaanzia kwenye tangi na kushuka bondeni.

"Wewe! Inama! Kichwa chako kinaonekana!"

Akasogea. Kati ya mistari, katika tope, walikuwa wamechuchumaa. Wasichana wa miaka minane, tisa, kumi. Walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuwahesabu, safu nyuma ya safu, kama kuku mvua inaponyesha. Walikuwa wamevua masweta mekundu na kuyakalia yasionekane. Walikuwa na baridi. Hakuna aliyecheza. Mdogo kabisa alikuwa amejiwekea kidole mdomoni, kujikumbusha.

"Njoo basi," alisema yule aliyekuwa amemwita, msichana mwenye pengo la meno. Alijivuta pembeni, akampa nafasi kwenye sweta lake. "Utatutia matatani. Wewe uko kitanda gani?"

"Kumi na nne."

"Uongo. Kumi na nne ni mimi na Karimi." Msichana alimtazama mkono, akatazama kando kwa adabu. "Karimi ndiye ameitika leo. Mimi zamu yangu ni muhula ujao."

Kutoka bwenini, kupitia dirisha lenye nondo mpya zilizonyooka, sauti ya matroni mpya ilianza kuita. Namba moja. Niko! Namba mbili. Niko! Sauti ya mgeni rasmi ilisikika ikisifu godoro. Dairekta alisema kitu, watu wakacheka. Kaari alikuwa bado amesimama nusu, mkono mbaya umeshika tawi la chai, na aliona juu ya majani mlango, na mahema, na jiwe.

Akachuchumaa.

"Kitanda namba kumi na nne!"

"Niko!" iliitika sauti nyembamba kule ndani.

Na kando yake, katika tope, midomo ya yule msichana mwenye pengo ilicheza pamoja nayo, bila kutoa sauti.